Uchambuzi: Kinyonga Mchanga Anapogoma Kula
Kinyonga wa pembe tatu wa Milima ya Rwenzori, aliyepewa jina lake la kisayansi mwaka 1901 kwa heshima ya Harry Johnston, amezoea ukungu na usiku wa baridi. Akiteremshwa hadi Kinyamaseke, kwenye joto la bondeni kati ya Kasese na Bwera, kisha akafungiwa ndani ya boksi, si ajabu akigoma kula.

Mtoto wa kinyonga ndiye anayedhoofika haraka. Mlezi humtupia panzi mkubwa kuliko kichwa chake na kumwekea maji kwenye kisosi. Kumbe kinyonga hulamba matone yanayoning'inia kwenye majani. Maji yaliyotulia hayajali. Macho yakibonyea, huyo ana kiu.

Tiba huanza na mazingira: kivuli, hewa, majani yaliyonyunyiziwa maji asubuhi na jioni, na wadudu wadogo wasiozidi upana wa kichwa chake. Kumfungua kinywa kwa nguvu kunaweza kumjeruhi.

Tena, Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inadai kibali kwa anayefuga mnyamapori. Uliyemkuta kinyonga shambani, mwache mtini. Uliye naye nyumbani, wasiliana na Mamlaka ya Wanyamapori, UWA, leo, angali na nguvu.