Nyumba Kongwe na Wajibu wa Wenye Nyumba
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Louisville, Kentucky)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, shemeji yetu mpendwa, ndugu zangu mliosafiri kutoka Columbus na Buffalo, wanangu na wajukuu zangu,

Nimetakiwa nizungumzie makazi katika mitaa mikongwe iliyo jirani na vyuo vikuu. Sababu yake mnaijua. Katika miji yetu mitatu ukoo huu umekwisha kuingia katika mitaa ya namna hiyo, au umo mlangoni. Hapa Louisville tunayo nyumba ya marehemu kaka yetu mkubwa, katika eneo liitwalo Old Louisville. Columbus wapo vijana wetu walionunua nyumba karibu na Neil Avenue. Buffalo wapo wanaotafuta nyumba Parkside. Aidha, kesho asubuhi mkutano huu utajadili hoja juu ya nyumba ya marehemu: ibaki au iuzwe.

Mimi nilitumikia idara ya ardhi huko Unguja kabla ya kuhamia nchi hii, na hapa nimeutumikia mji hadi nilipostaafu. Kwa hiyo nitasema kama mtu aliyeshinda maisha yake katika majalada ya nyumba. Nimeona kwamba nyumba kongwe haiangushwi na uzee wake. Huangushwa na kukosa mwenyewe anayejulikana na anayewajibika.

Tuanze na mtaa huu tulipo. Mwaka 1883 lilifunguliwa hapa onyesho kubwa la biashara na viwanda, Southern Exposition, lililoendelea kila mwaka hadi 1887. Liliwashwa taa za umeme 4,600 za Thomas Edison, jambo ambalo wakati ule lilikuwa ajabu ya dunia. Mwaka huo huo wa 1883, Sayyid Barghash alijenga Beit el-Ajaib pale Forodhani, na baadaye nyumba hiyo ikawa miongoni mwa za kwanza katika Afrika Mashariki kupata taa za umeme. Onyesho lilipokwisha na majengo yake kubomolewa, viwanja vyake vilikatwa na kuuzwa. Kuanzia 1890 ikajengwa St. James Court, yenye chemchemi katikati, na kandokando yake nyumba za matofali na mawe zenye minara na vioo vya rangi. Wenyewe walikuwa matajiri wa ngozi, tumbaku, pombe na benki.

Lakini utajiri huo haukudumu. Mabasi ya reli na magari yalipokuja, matajiri walihamia vitongoji vya mwinukoni. Januari 1937 mto Ohio ulifurika na kulifunika eneo kubwa la mji, na waliokuwa wakisitasita wakapata sababu ya kuondoka. Majumba yakakatwa vyumba na kupangishwa. Chuo Kikuu cha Louisville, kilichohamia upande wa kusini wa mtaa huu miaka ya 1920, kilileta wanafunzi waliohitaji vyumba hivyo. Ilipofika miaka ya 1960 wengi waliuona mtaa huu kuwa ni magofu yanayosubiri kubomolewa.

Waliouokoa ni wakaazi waliobaki, wengi wao watu wa mishahara ya kawaida. Mwaka 1957 wenyeji wa St. James Court walianika picha na kazi za mikono uwanjani ili kuuchangia mfuko wa jumuiya yao. Soko hilo dogo limekuwa tamasha la sanaa la kila Oktoba, linalojaza mitaa hii watu. Mwaka 1975 Old Louisville iliandikwa katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria. Kwa hiyo vijana wanaposema "huu ni mtaa wa wakubwa", yafaa wakumbuke kwamba wakubwa waliukimbia.

Ndugu zangu, yapo pia mambo ambayo vibao vya shaba vilivyobandikwa kutani havisemi. Mwaka 1914 mji huu wa Louisville ulitunga sheria iliyomkataza mtu mweusi kuhamia mtaa wenye wazungu wengi, na mzungu kuhamia mtaa wenye weusi wengi. Wananchi weusi wa hapa waliipinga kwa busara kubwa. William Warley, kiongozi wa chama cha NAACP, alifanya mapatano ya kununua kiwanja cha Charles Buchanan, mzungu aliyeipinga sheria hiyo vile vile, kisha akakataa kulipa kwa hoja kwamba sheria ya mji haimruhusu kukaa hapo. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo Novemba 1917 iliifuta sheria hiyo kwa kauli moja ya majaji wote. Wabaguzi wakabuni hila nyingine, wakaandika masharti ndani ya hati za nyumba kwamba zisiuzwe kwa weusi. Hadi 1948 ndipo Mahakama Kuu ilipokataza mahakama yoyote kuyatekeleza masharti hayo, na hadi 1968 ndipo sheria ya taifa ilipopiga marufuku ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba.

Katikati ya miaka hiyo, yaani 1954, Carl na Anne Braden, mke na mume wazungu, walinunua nyumba Shively, nje kidogo ya mji huu, kwa niaba ya Andrew Wade, askari mstaafu mweusi, na mkewe Charlotte. Nyumba ililipuliwa kwa baruti mwezi Juni. Aliyefungwa hakuwa mlipuaji. Alifungwa Carl Braden, kwa shitaka la uchochezi, hadi hukumu yake ilipotenguliwa.

Nayasimulia haya ili wajukuu wetu wajue kwamba ufunguo wanaoushika mkononi ulilipiwa na watu wengine kabla ya benki kutukopesha sisi. Tusiingie katika mitaa hii kama wageni wanaoomba radhi. Wala tusiingie kwa kiburi, tukawadharau ndugu zetu wanaokaa West End ya Louisville au East Side ya Buffalo. Hao ndio waliotufungulia njia.

Sasa niende Columbus. Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio kilianzishwa 1870 juu ya ardhi iliyokuwa shamba la familia ya Neil, na ndiyo maana barabara yenu inaitwa Neil Avenue. Leo chuo hicho kina wanafunzi zaidi ya 60,000. Jirani mkubwa kiasi hicho ni neema na ni mtihani. Neema, kwa kuwa nyumba haikosi mpangaji, na mtoto wetu anayesoma hakosi pa kulala. Mtihani, kwa kuwa mwenye tamaa hukigawa chumba kimoja kuwa viwili, hupuuza paa, hukusanya kodi, na baada ya miaka 20 huuza gofu. Wapangaji wa kule huanza kutia saini mikataba ya Agosti karibu mwaka mzima kabla. Basi anayetaka kupangisha ajipange mapema, asome kanuni za mji juu ya idadi ya wapangaji wasio jamaa, na ahakikishe kuna njia mbili za kutokea moto ukizuka.

Buffalo nako kuna funzo lake. Parkside ilichorwa na Frederick Law Olmsted, yule aliyebuni bustani kuu ya New York, na haiko mbali na kampasi ya kusini ya Chuo Kikuu cha Buffalo. Humo imo nyumba aliyoijenga Frank Lloyd Wright kati ya 1903 na 1905 kwa ajili ya tajiri Darwin Martin. Martin alifariki 1935 baada ya mali yake kuyeyuka katika mdororo wa uchumi. Familia ikaondoka, na nyumba ikakaa tupu kwa miaka 17. Maji yakaingia, vioo vikaibwa, na baadaye sehemu zake nyingine zikabomolewa. Chuo kikuu kiliinunua 1967, na kuirudishia hali yake kumechukua makumi ya miaka na makumi ya mamilioni ya dola. Kama nyumba ya mjenzi mashuhuri kuliko wote Marekani iliharibika hivyo kwa kukosa mkaazi, itakuwaje ya kwetu?

Katika Parkside hiyo hiyo, miaka ya 1960, madalali walikuwa wakiwatisha wazungu kwamba weusi wanakuja, ili wauze kwa bei ya chini. Wakaazi waliunda jumuiya yao 1963, wakaamua kubaki na kukaa pamoja. Na mnakumbuka dhoruba ya theluji ya Desemba 2022, iliyoua watu zaidi ya 40 katika Buffalo na viunga vyake. Magari ya msaada yalikwama, na mwenye kumjua jirani yake ndiye aliyepata moto na chakula. Nyumba hizi kongwe zina baraza mbele kama za kwetu. Tuzikalie, tusalimiane na wapitao.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nifike kwenye hoja ya kesho. Marehemu kaka yetu aliitunza nyumba yake kwa mikono yake, lakini hakuacha wosia. Hati bado ina jina lake. Warithi wametawanyika katika miji mitatu. Kisheria, mtu akifa hapa bila wosia, mali hugawanywa kwa hesabu ya jimbo. Hesabu ya mirathi ya dini haifuatwi mpaka iwe imeandikwa katika wosia halali. Warithi huwa wamiliki wa pamoja, na mmoja wao, au mgeni aliyenunua fungu la mmoja wao, anaweza kwenda mahakamani kutaka chake. Nyumba haikatiki kama mkate, hivyo mahakama huweza kuamuru iuzwe. Kwa mlango huo familia nyingi za Wamarekani weusi zimepoteza ardhi ya babu zao. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Nasi tumeyaona haya kwetu. Majumba mangapi ya Mji Mkongwe yaliporomoka kwa sababu warithi walikuwa 30, mmoja Maskati, mwingine London, na hakuna aliyetaka kununua hata debe la chokaa? Hata Beit el-Ajaib yenyewe, mali ya serikali, katika mji ulioandikwa na UNESCO tangu 2000, sehemu yake ilianguka Desemba 25, 2020 na kuua watu wawili. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo napendekeza haya. Kwanza, mirathi ifunguliwe mahakamani bila kuchelewa, na majina ya warithi wote yaandikwe. Pili, kabla ya jambo lingine lolote, shemeji yetu apewe kwa maandishi haki ya kukaa humo maisha yake yote. Tatu, warithi watakaokubali waweke mafungu yao katika amana moja yenye wasimamizi wanaobadilishwa, na yule anayehitaji fedha zake alipwe kwa tathmini ya haki, bila kulaumiwa. Mwenye watoto wa kusomesha hana kosa kudai chake. Nne, ufunguliwe mfuko wa paa, mifereji ya maji na mtambo wa kupasha joto, na kila mabadiliko ya nje yaombewe kibali cha kamati ya hifadhi kabla fundi hajapanda ngazi. Tano, vyumba vya juu wapewe kwanza vijana wa ukoo wanaosoma chuoni, kwa kodi nafuu lakini inayolipwa.

Ikiwa mtaona mzigo huu hatuuwezi, basi tuuze kwa uwazi wakati paa lingali zima, baada ya shemeji kuridhika na mahali pake pa kukaa. Kuuza kwa mapatano si aibu. Kuiacha bila jina na bila msimamizi, huku kila mmoja akimtazama mwenzake, ndiko kutakakotugombanisha watoto wetu.

Mwanasheria wa jimbo hili atakuwapo kesho saa tatu asubuhi. Naomba kila mrithi aje na nakala ya cheti chake cha kuzaliwa, na waliobaki nyumbani wapigiwe simu usiku huu.