Mkanda wa Msumeno ni Mali ya Chama



Nikagua­po vyama vya maseremala, huitazama pia mikanda ya msumeno iliyotupwa nyuma ya karakana. Mingi haikuchakaa, imekatika kwa kulazimishwa.

Ubao mnene wataka meno machache. Meno 3 kwa inchi yatosha kupasulia boriti ya mninga, kwani unga hupata nafasi baina ya jino na jino. Meno yakiwa mengi hujaa unga, mkanda hupata moto, fundi husukuma kwa nguvu, nao huyumba na kuharibu mbao ambazo chama kimekwisha kuzilipia. Ubao mwembamba ndio utakao meno mengi, walau 3 ndani ya unene wake. Na mvule, ndugu zangu! Huenda una mawe ya chokaa ndani. Mkanda ukishayagusa, unolewe kabla ya kuendelea.

Katibu aandike katika daftari la ghala tarehe ya kufunga na ya kutoa kila mkanda. Pasipo maandishi hayo sina njia ya kujua kama mikanda 10 iliyonunuliwa ilitumika.

Jioni, umeme ukiwa umezimwa, utomvu usafishwe kwa mafuta ya taa, magurudumu yafutwe, na mkazo ulegezwe.