Kutoshindwa Si Kipimo Kamili cha Bondia

Katika mchezo wa ndondi, kila bondia wa kulipwa huwa na rekodi, yaani hesabu ya mapambano aliyoshinda, aliyoshindwa na aliyotoka sare, na hesabu hiyo ndiyo inayotangazwa ukumbini kabla ya kengele ya raundi ya kwanza kulia. Rekodi isiyo na kipigo hata kimoja huheshimiwa kuliko zote, kiasi kwamba mashabiki wa Buyenzi na Bwiza hapa Bujumbura, sawa na wenzao wa Kampala na Dar es Salaam, wanaposikia kwamba bondia fulani hajawahi kushindwa huamini mara moja kwamba hana mpinzani. Hata hivyo, rekodi hiyo hueleza bondia ameshinda mara ngapi, wala haielezi amemshinda nani, na swali hilo la pili ndilo lenye uzito.

Ili kuelewa jinsi rekodi safi inavyopatikana, inafaa kutenganisha aina mbili za ndondi. Katika ndondi za ridhaa, ambazo bondia huzicheza kwa niaba ya klabu au taifa lake, wapinzani katika mashindano hupangwa kwa kura. Bondia wa Burundi, Ornella Havyarimana, alipopanda ulingoni katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, hakuwa na nafasi ya kuchagua wa kupigana naye wala ya kumkwepa aliyepangiwa. Katika ndondi za kulipwa, kinyume chake, mpinzani huchaguliwa na promota, yaani mfanyabiashara anayegharimia pambano ili apate faida kutokana na tiketi na haki za televisheni, akishauriana na meneja wa bondia. Kumwanzisha kijana kwa wapinzani dhaifu ili ajifunze hatua kwa hatua si kosa, kwa kuwa ndivyo ufundi wowote unavyojengwa. Kosa huanza pale hatua hiyo ya kwanza inapofanywa ya kudumu, na bondia akaendelea kulindwa kwa sababu kutoshindwa kwake kumekuwa bidhaa yenye bei kuliko uwezo wake.

Hasara ya utaratibu huo huwaangukia pia mabondia wanaotafutwa ili washindwe, na wengi wa Afrika Mashariki wamewahi kualikwa Ulaya kwa taarifa fupi, kwa matarajio kwamba watampa mwenyeji ushindi mwepesi. Tarehe 8 Septemba 2018, mjini Birmingham, Hassan Mwakinyo kutoka Tanga, Tanzania, alipangiwa Sam Eggington, Mwingereza aliyekuwa amewahi kushika ubingwa wa Ulaya, na kwa kuwa rekodi ya Mtanzania huyo ilikuwa tayari na vipigo, wachache walimpa nafasi. Pambano lilisimamishwa katika raundi ya pili, na aliyeshinda alikuwa Mwakinyo. Usiku huo ulithibitisha kwamba vipigo vilivyoandikwa kwenye karatasi vinaweza kuficha uwezo, kama vile ushindi ulioandikwa kwenye karatasi unavyoweza kuficha udhaifu.

Historia ya Uganda inatoa mifano miwili iliyo bora zaidi. Ayub Kalule alitwaa dhahabu katika mashindano ya kwanza ya dunia ya ndondi za ridhaa, yaliyofanyika Havana mwaka 1974, akaingia ndondi za kulipwa akiishi Denmark, na mwaka 1979 akanyakua nchini Japani mkanda wa dunia wa uzito ulio chini kidogo ya uzito wa kati. Alipokutana na Sugar Ray Leonard mjini Houston, mwezi Juni 1981, alikuwa ameshinda mapambano 36 bila kupoteza hata moja, ilhali Leonard alikuwa tayari ameshindwa mara moja na Roberto Durán. Leonard alimsimamisha katika raundi ya 9. Yeyote aliyetegemea hesabu ya vipigo peke yake angembashiri Kalule, na asingezingatia kwamba Leonard alikuwa amekwisha kupimwa na Durán, mmoja wa mabondia wakubwa wa zama zake.

Mfano wa pili ni John Mugabi, aliyepata medali ya fedha katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, kisha akashinda mapambano yake yote ya kulipwa, zaidi ya 20, kwa nokauti, yaani kwa kumwangusha mpinzani asiweze kuinuka kwa wakati au kumfanya ashindwe kuendelea. Tarehe 10 Machi 1986, katika ulingo uliojengwa nje ya Caesars Palace mjini Las Vegas, alikutana na bingwa wa uzito wa kati, Marvin Hagler. Mugabi alimpiga Hagler kwa nguvu zake zote na Hagler akabaki wima, nao wakaendelea kubadilishana ngumi raundi baada ya raundi, hadi katika raundi ya 11 pumzi zilipomwishia Mugabi, akabaki ameketi chini huku mwamuzi Mills Lane akihesabu hadi kumi. Miaka mitatu baadaye, nchini Ufaransa, Mugabi alitwaa mkanda wa dunia kwa ushindi dhidi ya René Jacquot, ambaye aliumia kifundo cha mguu katika raundi ya kwanza. Kwenye rekodi, usiku wa Las Vegas ni doa na usiku wa Ufaransa ni fahari, lakini anayetaka kujua Mugabi alikuwa bondia wa namna gani atajifunza mengi zaidi katika usiku ule alioshindwa.

Hagler mwenyewe hakuwa na rekodi safi. Mwaka 1976 alikubali kwenda Philadelphia, mji uliokuwa na mabondia wakali wa uzito wa kati, akashindwa kwa pointi na Bobby Watts kisha na Willie Monroe, na katika miaka iliyofuata akawarudia wote wawili na kuwashinda. Alihamia Brockton akiwa kijana, katika jimbo la Massachusetts, mji uleule aliozaliwa Rocky Marciano, bingwa wa uzito wa juu aliyestaafu mwaka 1956 akiwa na ushindi 49 bila kipigo. Ushindi wa Marciano ni wa kweli, na ule wa mwaka 1952, ambapo alikuwa nyuma kwa pointi kabla ya kumwangusha Jersey Joe Walcott katika raundi ya 13, ulidai ushujaa mkubwa; hata hivyo, Joe Louis aliyempiga mwaka 1951 alikuwa na umri wa miaka 37, na Walcott huyo alikuwa na miaka 38. Mpinzani mwenye jina kubwa aliyepita ubora wake si mpinzani yule aliyelijenga jina hilo.

Haki inadai pia kusemwa kwamba wapo wasioshindwa waliokutana na wakali. Floyd Mayweather, aliyefikisha ushindi 50 bila kipigo, aliwapiga mabingwa wengi, ingawa pambano lake na Manny Pacquiao lilifanyika mwaka 2015, baada ya kuzungumziwa tangu mwaka 2009, na ushindi wa 50 aliupata mwaka 2017 dhidi ya Conor McGregor, mpiganaji wa mchezo mwingine aliyekuwa katika pambano lake la kwanza la ndondi za kulipwa. Hata ndani ya rekodi moja, kwa hiyo, ushindi haulingani kwa thamani.

Kutokana na hayo, rekodi inapaswa kusomwa kwa maswali manne: mpinzani alikuwa nani, alikuwa katika umri na hali gani, pambano lilifanyika nyumbani kwa nani, na ni nani aliyelazimika kuacha uzito wake wa kawaida ili lifanyike. Watangazaji wa michezo wana wajibu wa kuyauliza hewani, maana anayetangaza hesabu bila majina humfanyia promota kazi ya kuuza tiketi. Viongozi wa ndondi nchini Burundi nao watawatendea haki vijana wao wakiwapeleka mapema Kampala, Nairobi na Dar es Salaam kukutana na waliowazidi, na wakikataa kuwaacha kando kwa sababu ya kipigo kilichopatikana mbele ya bondia bora. Waswahili husema asiyekubali kushindwa si mshindani, na kauli hiyo inamhusu pia bondia asiyekubali kupangiwa mtu anayeweza kumshinda. Bondia wa namna hiyo anaweza kubaki na rekodi safi maisha yake yote, lakini heshima ya ubingwa inamstahili yule aliyewatafuta walio bora walipokuwa bora, akapigana nao mbele ya watu, na akakubali matokeo yaandikwe kama yalivyokuwa.