Paka Wako Analia Usiku? Usimpige

(Mlio wa paka jike, usiku)

Sauti hiyo unaijua. Pengine jana ilikuamsha, ukashika kiatu ukakirusha gizani. Jirani wa upande wa pili wa turubai akasema huyo si paka, ni jini. Asubuhi mtoto akauliza kama paka wenu anaumwa.

Haumwi, wala hajarogwa. Anatafuta dume.

Paka jike huanza kupata joto akiwa na miezi sita hivi, wengine hata minne. Hutaona damu. Utaona anajisugua miguuni pako na kugaagaa chini. Ukimgusa mgongoni karibu na mkia, anainamisha kifua, anainua makalio na kuusogeza mkia pembeni. Halafu anaanza kulia. Hali hii huchukua karibu wiki moja. Asipopandwa hutulia, lakini baada ya wiki mbili au tatu huweza kurudi tena. Kule Ulaya, siku zinapokuwa fupi wakati wa baridi, paka hupumzika. Huku kwetu karibu na Ikweta, mchana ni mrefu ule ule mwaka mzima, hivyo likizo hiyo hana.

Akipandwa, atazaa baada ya wiki tisa, mara nyingi watoto watatu hadi watano. Hapa wengi hukosea: wanadhani anaponyonyesha hawezi kushika mimba. Anaweza, wiki chache tu baada ya kuzaa, watoto wakiwa bado kwenye titi. Ndivyo nyumba yenye paka mmoja wa kulinda unga inavyojikuta na kumi, na mgao haujaongezeka.

Basi wiki hiyo mzuie ndani. Najua turubai si ukuta. Kama una tenga la kuku, mlaze humo usiku pamoja na kitambaa na maji, uweke jiwe juu. Mchana atembee ndani, mlango umefungwa. Mwekee beseni kuukuu lenye mchanga wa kujisaidia. Mama mjamzito asiumwage mchanga huo, amwachie mwingine, maana kinyesi cha paka huweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto tumboni. Kelele zitakuwepo tu. Waombe majirani radhi mapema, waambie ni siku chache.

Usimmwagie maji ya moto. Usimpe vidonge vya uzazi wa mpango, ingawa wapo wanaoshauri hivyo: vinaweza kumletea usaha kwenye kizazi na uvimbe wa matiti. Njia ya kudumu ni kumfunga kizazi, upasuaji anaoufanya daktari wa mifugo. Si kila kambi inaye. Lakini siku wanapokuja kuchanja mbwa na paka, mpeleke wako, na uulize hilo pia.

Madume wakigombana nje, usiingize mkono kuwaamua. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda zahanati siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa, paka naye hukiambukiza.

Na kama watoto wa paka wameshazaliwa, usiwatupe porini. Waache na mama yao mpaka wiki nane, kisha mtafute jirani ambaye panya wamemtobolea gunia la mahindi. Hakosekani.