Maiti na Njeo: Muhammed Said Abdulla na Nathari ya Upelelezi

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, akafariki mwaka 1991. Kabla ya kuvuma kwa riwaya alikuwa mkaguzi wa afya. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na tangu 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 alihariri jarida la Mkulima. Kazi hizo zilimdai jambo moja: kuuliza, na kutosadiki neno kwa kuwa tu limesemwa na mkubwa.

Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la East African Literature Bureau, ikachapishwa mwaka 1960. Maiti ya Bwana Ali Bomani, mwenye mashamba, inaonekana penye mzimu. Wenyeji wanaogopa mizuka. Bwana Msa, na kiko chake, anamtafuta mtu. Wahakiki wameona hapo kivuli cha Sherlock Holmes, wala hawakukosea. Kasoro ni kwamba wengi wao wameridhika na kivuli, wakaisahau lugha.

Ngano na habari za safari za Kiswahili zilitegemea sana kiambishi -ka-: alitoka, akafunga mlango, akaenda zake. Tukio hufuata tukio. Riwaya ya upelelezi haiwezi kwenda hivyo, kwani huanza na maiti, kisha hurudi nyuma. Chukuliwe mfano wa kubuni: “Saa tatu mlango ulikuwa umekwisha kufungwa, basi nani angaliweza kuingia?” Kitenzi kisaidizi na -me- vinapanga yaliyotangulia, -ngali- inapima lisilotukia. Maumbo hayo yalikuwapo katika mazungumzo na mabarazani tangu zamani. Abdulla aliyabebesha hoja ndefu, kurasa kwa kurasa, na hilo ndilo deni kubwa ambalo nathari ya Kiswahili inadaiwa naye, kubwa kuliko kiko cha Bwana Msa. Tena afanyaye hayo ni mzaliwa wa Makunduchi, penye lahaja yake iliyo mbali na Kiunguja cha mjini, ambacho ndicho msingi wa Kiswahili sanifu.

Baada ya Kisima cha Giningi (1968) zilifuata Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Mapinduzi ya 1964 yalikuwa yamekwisha kuibadili Zanzibar, ilhali ulimwengu wa Bwana Msa kwa kiasi kikubwa ulibaki ule wa mabwana na mashamba. Lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo, siri za nasaba na mali anazozifumbua zinaonyesha jinsi heshima ya mabwana hao ilivyosimama juu ya mambo yasiyosemwa.

Jina “fasihi pendwa” limewafanya wanaisimu wazipite riwaya hizi. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu angefanya vyema kuzihesabu njeo ambatani katika riwaya zote saba, kuanzia ile ya 1960 hadi ya 1984, aone kama zinaongezeka au zinapungua.