Mshipa Mgumu Kupatikana: Mrija Gani Unamfaa Mgonjwa?



Wapo wagonjwa ambao huchomwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu bila mshipa kupatikana, nao hunyamaza kwa kumstahi muuguzi. Ustahi huo ni mwema, lakini kimya kina gharama: kila mshipa unaoharibika ni akiba iliyopungua kwa matibabu ya kesho. Wenye selimundu, saratani au maradhi ya figo wanalijua hilo vyema.

Uchaguzi wa mrija hutegemea mambo matatu: hali ya mishipa, aina ya dawa na muda wa matibabu. Kwa siku chache, kanula fupi ya mkononi hutosha. Kwa wiki kadhaa, upo mrija mrefu zaidi unaoingizwa juu ya kiwiko na kuishia karibu na kwapa. Baadhi ya dawa za saratani huunguza mishipa midogo. Hizo huhitaji mrija unaofika kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo, au kijaluba kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua, ambacho huweza kudumu miaka. Mgonjwa wa figo ataje ugonjwa wake mapema, kwani mishipa ya mikono yake yapasa kutunzwa kwa ajili ya kusafishwa damu.

Mbinu ya kuingiza mirija mirefu ilizaliwa hapa hapa Stockholm. Mwaka 1953, daktari Sven Ivar Seldinger wa Karolinska aliitangaza: sindano hutangulia, waya mwembamba hupita ndani yake, sindano hutolewa, kisha mrija huufuata waya. Leo altrasaundi humwonyesha mhudumu mshipa usioonekana kwa macho.

Kwa Kiswidi, mgonjwa wa namna hii huitwa "svårstucken". Alitamke neno hilo kabla ya kuchomwa, na aonyeshe mahali palipofaa zamani. Mkono upashwe joto. Sindano ikishindikana mara mbili, aombe mhudumu mzoefu zaidi au altrasaundi. Mtoto aweza kupakwa krimu ya ganzi saa moja kabla. Asiyejua Kiswidi aombe mkalimani. Mtoto wake asibebeshwe kazi hiyo.

Mahali penye mrija pakivimba, pakiuma au kuwa pekundu, au homa ikipanda, muuguzi aambiwe mara moja. Aliye nyumbani apige 1177. Akishindwa kupumua, 112.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Kuuliza si utovu wa adabu.