Fulana Zimeisha, Je, Kampeni Imefaulu?

Mazungumzo na wanachama wa klabu za afya za sekondari

Leo sikuja kukueleza tena UKIMWI unaambukizwa vipi. Hayo umeyasikia tangu shule ya msingi, na nadhani hata ukiamshwa usiku wa manane utayataja yote bila kukosea. Nataka tuzungumzie swali ambalo watu wengi hulikwepa: utajuaje kama kampeni ya UKIMWI imefanya kazi?

Chukua Desemba Mosi. Kuna maandamano, ngoma, maigizo, mgeni rasmi, na fulana zinagombaniwa mpaka zinakwisha. Kesho yake ripoti inaandikwa: fulana kadhaa zimegawiwa, watu kadhaa wamehudhuria. Sawa. Lakini hiyo ni hesabu ya kilichotolewa, haisemi lolote kuhusu kilichobadilika. Mtu anaweza kuivaa fulana ile ile akienda kwa mpenzi wake wa tatu.

Ili kujua kilichobadilika ni lazima ulinganishe. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki. Waulize wazazi wako habari za Mkwaju, dereva wa lori aliyependa wanawake wa njiani, na mkewe Tunu, aliyechoka naye akaanza kujitegemea. Mkwaju aliishia kuugua UKIMWI. Sasa sikiliza ujanja wa watafiti: kituo cha Dodoma hakikuurusha mchezo huo hadi mwaka 1995. Saa hiyo kilirusha vipindi vingine. Kwa nini? Kwa sababu miaka ile watu walikuwa wakizika ndugu zao kila mahali, na hofu peke yake ingeweza kuwabadilisha. Kama Dodoma wangebadilika sawasawa na wenzao, basi redio isingestahili sifa yoyote.

Haikuwa hivyo. Kule mchezo uliposikika, watu walisema wamepunguza idadi ya wapenzi na wanatumia kondomu zaidi kuliko wenzao wa Dodoma. Watafiti hawakuishia kwenye maneno ya watu, waliangalia pia kumbukumbu za kondomu zilizogawiwa. Na mchezo ule ulifanya kitu ambacho bango haliwezi: uliwafanya watu wazungumze. Mke na mume walimjadili Mkwaju, kumbe wanajadiliana wao wenyewe!

Lakini ngoja kwanza. Umeona neno nililotumia? Watu "walisema". Hebu jiulize: mtu mzima akija darasani kwenu na dodoso, akuulize kama umeshafanya ngono, utamwambia kweli? Haya, usinijibu.

Mkoani Mwanza walikutana na tatizo hilo hilo. Mradi wa MEMA kwa Vijana ulifanyiwa majaribio kuanzia mwaka 1999 katika maeneo 20. Maeneo 10 yalipata masomo ya afya ya uzazi katika shule za msingi, wahudumu wa zahanati waliofundishwa kuwapokea vijana bila kuwafokea, na kondomu karibu nao. Maeneo 10 mengine yalikuwa ya kulinganishia. Safari hii watafiti hawakuuliza tu, walipima pia. Wakakuta baadhi ya waliosema hawajawahi kufanya ngono wana magonjwa ya zinaa, au ni wajawazito.

Matokeo? Ujuzi wa vijana ulipanda, na hata walipofuatiliwa tena mwaka 2007 na 2008 bado ulikuwa juu. Ila maambukizo ya VVU hayakupungua kuliko kwenye maeneo ya kulinganishia.

Najua kuna atakayesema, "Basi masomo hayo ni kazi bure." Mimi sikubali. Msichana mwenye ujuzi ana silaha, ila silaha hiyo haitoshi kama anayemtaka ni mwanamume mwenye fedha, naye hana nauli wala daftari. Huyo mwanamume hakukaa darasani siku ile. Nani alimfundisha yeye? Hapo ndipo kampeni nyingi zinapokosea: zinamhubiria anayesukumwa, zinamwacha anayesukuma.

Tuje kwenye kupima. Julai 2007 Rais Kikwete na Mama Salma walipima VVU hadharani Dar es Salaam, kuzindua kampeni ya taifa. Watu wengi wakajitokeza. Lakini kuhesabu waliotoa damu hakutoshi. Uliza pia: wangapi walikutwa na virusi? Kati yao wangapi walianza dawa, na wangapi bado wanazimeza? Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 na 2023 ulifuata njia hiyo kwa watu wenye miaka 15 na zaidi. Kati ya wanaoishi na VVU, asilimia 82.7 walijua hali zao. Kati ya hao, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa, na kati ya wenye dawa, asilimia 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Unaona tundu liko wapi? Anayejua, anatibiwa. Tena anayemeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mpenzi wake kwa ngono. Tatizo ni wale wasiojua.

Kwa hiyo klabu yenu ikipanga Desemba Mosi, wiki mbili kabla wekeni sanduku lenye maswali machache, bila majina. Msiulize, "VVU ni kifupi cha nini?" Ulizeni, "Unajua zahanati gani ya karibu wanapima, na siku gani?" "Ukidaiwa ngono na mtu aliyekusaidia ada, utamwambia nani?" Rudieni maswali yale yale miezi mitatu baadaye, na ikiwezekana ombeni shule jirani isiyo na shughuli iyajibu pia. Majibu yakiwa mabaya, yasomeni hivyo hivyo mbele ya mwalimu mlezi, msiyapambe.

Na ongezeni swali hili, maana wengi hawalijui jibu lake: ni umri gani unaweza kupima bila idhini ya mzazi? Tanzania Bara, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019, ni miaka 15.